Godfather, Citizen Kane au Seven Samurai: ipi nimpe baba mkwe?

Mkwe_Mpya
Heshima kwenu wakuu. Baba mkwe anastaafu na nimepania kumpa filamu moja, diski halisi ndani ya kava lake, siyo mambo ya kupakua. Nataka picha ambayo mtu akiulizwa ipi bora kuliko zote duniani, anaitaja hapo hapo. Nimebaki na tatu: The Godfather (1972), Citizen Kane (1941) na Seven Samurai (1954). Mfuko unaruhusu moja tu. Usiku wa leo naagiza. Nawasilisha.

Stelingi_Hafi
Godfather. Uzi ufungwe.

Bi_Tiketi
Usifungwe kwanza. Mleta mada, hujasema mzee anapenda nini, macho yake yakoje, wala ataitazama na nani. Seven Samurai ni Kijapani, dakika 207, maandishi ya chini mwanzo mwisho. Unaweza kumpa mtu kazi ya kusoma ukadhani umempa zawadi.

Kamera_Chini
Citizen Kane, na wala sioni cha kujadili. Welles alikuwa na miaka 25 tu, akaongoza na kucheza nafasi kuu mwenyewe. Angalia pale mtoto anapocheza kwenye theluji nje, mama yake yuko mezani ndani anatia saini karatasi za kumkabidhi kwa watu wa benki. Dirisha liko katikati, mtoto anaonekana kule nyuma kadogo kabisa, na bado yeye na walioko mezani wote wako wazi, hakuna aliyefifia. Maisha yake yanaamuliwa na yeye anapiga kelele za mchezo. Hiyo ni kazi ya mpigapicha Gregg Toland. Jarida la Sight and Sound hupigisha kura wahakiki kila baada ya miaka 10, na Kane ilishika namba moja kuanzia 1962 hadi 2002, mara tano mfululizo.

Stelingi_Hafi
Malizia basi hadithi. 2012 ikashushwa na Vertigo, na 2022 wakaipa Jeanne Dielman, zaidi ya saa tatu mama anamenya viazi. Kura za wahakiki waachiwe wahakiki.

Bi_Tiketi
Umeitazama au umesimuliwa? Kila kitu cha yule mama kina saa yake na mahali pake, mpaka unamzoea. Halafu siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, anazungukazunguka na sufuria hajui pa kuiweka, na wewe uliyekaa unaanza kuogopa. Sufuria tu! Hizo filamu zako za bunduki hazijawahi kunifanyia hivyo.

Stelingi_Hafi
Dada, mimi sijataja bunduki.

Mzee_wa_Mkanda
Mnabishana kuhusu picha wakati mwenzenu anakwenda kununua DISKI. Hayo ni mambo mawili.

Niliwahi kuagiza Lawrence of Arabia kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Kava zuri, maneno "toleo kamili" yameandikwa kwa dhahabu. Nikaita watu nyumbani, nikazima taa. Ile filamu ilipigwa kwa mkanda mpana wa milimita 65, jangwa lote linaingia kwenye fremu. Huyu bwana kaniuzia nakala iliyokatwa pembeni ili ijaze runinga za zamani za mraba. Wawili wanazungumza, mmoja kushoto mmoja kulia: mimi naona pua ya huyu, mchanga katikati, na sikio la yule. Wakati mwingine picha inateleza yenyewe kumfuata anayeongea, inachelewa, anakuwa ameshamaliza. Shemeji yangu akauliza kama deki imelewa. Nilipomwandikia muuzaji, jibu lake likawa kwamba diski inacheza, kwa hiyo haina kasoro. Fedha sikurudishiwa.

Kwa hiyo soma uwiano wa picha (upana wake kwa kimo chake) nyuma ya kava kabla hujalipa. Pili, Blu-ray, yaani diski zenye picha kali kuliko DVD, zimegawanywa kwa kanda za dunia: A, B na C. Diski iliyofungwa kwa kanda A haifunguki kwenye deki ya kanda B, hata uiombee. Za 4K, zenye picha kali zaidi, hazina kanda, ila zinataka deki yake. Mzee ana deki gani?

Mkwe_Mpya
Asanteni wakuu. Mzee anasoma kwa miwani, anachoka haraka. Anapenda sana hadithi za mahakamani. Mama mkwe atakaa naye, na yeye akiona damu anaondoka sebuleni.

Bi_Tiketi
Akiona damu anaondoka, nawe ulitaka kumpelekea Godfather! Kile kichwa cha farasi kilichokatwa kitandani utamweleza nini mama wa watu?

Hapo jibu ni 12 Angry Men (1957). Dakika 96, karibu yote ndani ya chumba kimoja, wanaume 12 wanaamua kama kijana ana hatia ya kuua. Hakuna tone la damu. Mwongozaji Sidney Lumet alianza na kamera juu ya usawa wa macho, akawa anaishusha kidogo kidogo huku akibadili lenzi, hadi mwishoni dari inaonekana na kuta zimewabana. Unatoka jasho na hujui kwa nini.

Stelingi_Hafi
Watu 12 wanaongea. Zawadi ya kustaafu hiyo au kikao cha bodi? Mpe Godfather ya pili (1974), ndiyo bora zaidi.

Kamera_Chini
Ya pili bila ya kwanza ataielewaje? Ila nakupa hili: Brando na De Niro wote wawili walipata Oscar kwa kucheza bosi wa mafia Vito Corleone yule yule, mmoja uzeeni katika ya kwanza, mwingine ujanani katika ya pili. Brando akaikataa ya kwake.

Stelingi_Hafi
Na mwenye kazi ngumu ni De Niro. Karibu maneno yake yote ni Kisisilia.

Kamera_Chini
Ngumu wapi? Brando ndiye aliyemuumba yule mtu, sauti ile ya kukwaruza na mashavu yaliyovimba. De Niro alikuta njia imeshafyekwa.

Mzee_wa_Mkanda
Mleta mada, deki.

Mkwe_Mpya
Mke wangu anasema iliyopo haijawashwa muda mrefu, huenda ni ya DVD tu. Nimemwambia akaangalie kwa ujanja mzee asishtuke. Hiyo ya watu 12 ni ya rangi?

Bi_Tiketi
Nyeusi na nyeupe. Hata Kane na Samurai ni hivyo hivyo, ulikuwa hujui?

Kipepeo_7
Samahani kuingilia, uzi mzima hakuna aliyetaja filamu ya Afrika. Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali ilipata tuzo ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes 1987. Kuna anayejua kama nakala iliyosafishwa inapatikana kwa diski, au ni ya kutazama mtandaoni tu?

Mzee_wa_Mkanda
Fungua uzi wako, nitakuja. Na uandike deki uliyo nayo.