Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba una sifa za kusomeshwa ufundi kwa gharama za Serikali?

Mwanzisha mada, Buswelu

Ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Hapa Mwanza, kila zinapotangazwa nafasi za mafunzo ya ufundi yanayolipiwa na Serikali, vijana wengi hubaki nje kwa sababu wamekwisha kujihukumu wenyewe kwamba hawana sifa, na wengine huamini kwamba bila kuwa na mtu ndani huwezi kupata. Ningependa tuwasikie waliopitia: ulikuwa na elimu gani, ulikuwa ukifanya kazi gani, uliulizwa nini, na ni nani aliyekuthibitishia kwamba unastahili? Naomba habari za kusikia tuziweke kando.

Mwashi wa Mabatini

Marahaba. Elimu yangu ni darasa la saba, na uashi nilijifunza kwa kubeba zege hadi nilipokabidhiwa mwiko. Tangazo lililofika mtaani kwetu lilihusu mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa vitendo, ambayo yalitaka vijana wa miaka 15 hadi 35, nami umri huo nilikuwa nimeuacha nyuma. Hata hivyo nilikwenda chuo cha VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, pale Nyakato kuuliza, na mtumishi aliyenipokea akanieleza kwamba mtu anayeifahamu kazi hahitaji kuanza upya, anahitaji kupimwa. Utaratibu huo ni wa kurasimisha, yaani kuupima na kuupa cheti, ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, nao uliingizwa katika Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi iliyoanza mwaka wa fedha 2016/17 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Siku ya kupimwa nilipewa kona ya ukuta niijenge. Mtathmini hakuwa msemaji. Aliweka pima maji juu ya kila mstari wa tofali, akashusha timazi pembeni, kisha akaanza kuuliza. Kwa nini tofali la saruji humwagiliwa maji baada ya kufyatuliwa? Nikijenga juu ya jabali, kama zilivyo nyumba nyingi za huku kwetu mlimani, msingi naushikiza vipi? Nilimjibu kwamba jabali hutobolewa na kupandikizwa nondo kabla ya kumwaga zege, akaandika. Nilipokwama ni kwenye kusoma ramani, kwa hiyo nikafundishwa sehemu hiyo pamoja na usalama kazini, na baadaye nikapata cheti. Hakuna aliyeniuliza matokeo ya shule. Kwa maoni yangu hili ndilo fungu la mafunzo ambalo mafundi wengi wa mtaani hawalijui, na ndilo linalowahusu zaidi.

Mama wa Buhongwa

Mimi nilipitia uanagenzi, fani ya viatu na bidhaa za ngozi, katika kampasi ya DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) hapa Mwanza. Shule niliikatisha kidato cha pili, na nilipoomba tayari nilikuwa na mtoto. Wala hayo mawili hayakuwa kikwazo. Walitaka uraia, umri, na uwezo wa kusoma na kuandika, wakasema wazi kwamba wenye ulemavu wanahimizwa kuomba.

Kazi ilikuwa kwenye karatasi. Jina langu limeandikwa kwa "ph" kwenye kitambulisho cha taifa na kwa "f" kwenye cheti cha darasa la saba, na nilitakiwa kuonyesha kwamba watu hao wawili ni mmoja. Nilikwenda kwa wakili nikapata hati ya kiapo, nikaiambatisha pamoja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Nawasihi wadogo zangu walinganishe majina yao sasa hivi, kabla tangazo halijatoka, kwa sababu muda wa kuomba huwa mfupi.

Jambo jingine ni kwamba Serikali ililipa ada tu, haikulipa maisha. Nauli ya daladala kutoka Buhongwa hadi upande wa pili wa jiji, chakula cha mchana na mtu wa kukaa na mtoto vilikuwa juu yangu. Kuna wenzangu waliokuwa na sifa zote wakaacha katikati kwa sababu hiyo.

Mhitimu wa Nansio

Kwa wenye shahada na stashahada, uanagenzi si fungu lenu. Mimi nilikuwa na shahada na sina uzoefu, nikaelekezwa kwenye mafunzo ya utarajali yanayoratibiwa na TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, ambapo mhitimu hujisajili na kuunganishwa na mwajiri kwa muda usiozidi miezi 12. Kaka zangu wa kisiwani Ukerewe, kujisajili kunafanyika mtandaoni, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda meli kwa ajili ya fomu. Na kama kuna mtu anakudai "hela ya kushughulikia jina", huyo ni tapeli. Mimi alinijia mmoja, nikamwomba stakabadhi, akatoweka.

Mvuvi wa Kome

Nami niliuliza Nyegezi, kwenye chuo cha uvuvi cha FETA. Nilielezwa kwamba cheti cha awali kinachosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kinahitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, nami sina. Hayo ni masharti ya chuo chenyewe, si ya nafasi tunazozizungumzia hapa. Basi tusichanganye: chuo kuwa cha Serikali si sawa na nafasi kulipiwa na Serikali.

Mwalimu mstaafu, Pasiansi

Naongezea kwa ufupi. Hata asiyepata nafasi ya kulipiwa, ada ya kozi ndefu za VETA kwa miaka mingi imekuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni, kwa sababu vyuo hivyo hutegemea pia tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na waajiri. Kwa hiyo aliyeambiwa hana sifa za fungu moja asirudi nyumbani kabla ya kuuliza bei ya fungu jingine.

Binti wa Kirumba

Shikamoo kaka Mwashi. Mimi napika kwenye mgahawa karibu na mwalo. Nina miaka 27, sina cheti chochote. Kwa umri naingia kwenye uanagenzi, na kwa kazi naona kama naingia kwenye kupimwa. Niombe lipi?

Mwashi wa Mabatini

Marahaba dada. Jiulize kama mwenye mgahawa akisafiri unaweza kubaki na jiko peke yako, ukapanga manunuzi, ukapika na ukajua chakula kipi kikae wapi kisiharibike. Kama unaweza, omba kupimwa. Upishi ni miongoni mwa fani zinazorasimishwa. Kama bado unaosha na kumenya kwa kuelekezwa, omba uanagenzi ungali ndani ya umri. Vyovyote iwavyo, mwombe bosi wako akuandikie barua inayosema unafanya kazi gani na tangu lini, kwa sababu mimi hiyo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuipata.