Onesho la filamu kwa wageni wenye usonji

Swali: Habari za jioni. Tunaandaa onesho la filamu hapa Dodoma, na miongoni mwa wageni wamo vijana wenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na hisi) na kijana mmoja aliyebadili jinsia. Tuzingatie nini?

Mama Neema: Ndugu yangu, msizime taa zote, zipunguzeni, na sauti vilevile, kwani mwanangu huziba masikio spika zinapovuma. Ondoeni matangazo ya mwanzo, waacheni watu wainuke na kutembea watakavyo, na tengeni chumba kimya cha kupumzikia. Jenereta nalo likae mbali!

Mkazi wa Kikuyu, hapa Dodoma: Naongeza kwamba tiketi isiulize jinsia, kila mgeni aitwe kwa jina alilojitambulisha nalo, na choo kimoja chenye komeo kiwe cha wote. Habari za kijana aliyebadili jinsia msimsimulie mtu mwingine.