Tupeane uzoefu: sisi wa kazi za mikono Kigoma na Tabora, nani huwa unamwonyesha kazi kabla haijaisha?

Mwanzisha uzi, Ujiji

Habari zenu wadau. Mimi ni msukaji wa mikeka na vikapu vya ukindu, niko Ujiji. Nimefungua uzi huu kwa sababu nikipita mitandaoni naona kazi za watu wa kwetu zikiwa zimeshakamilika: picha nzuri, bei, namba ya simu. Sawa, biashara ni biashara. Ila kazi iliyokwisha haikuambii imeanzia wapi wala fundi alihangaika wapi, na anayetaka kujifunza anabaki kutazama tu.

Sisi huku tuna kikundi, akina mama wengi na vijana wachache, tunakutana Jumapili baada ya alasiri kwenye baraza la mmoja wetu. Sharti letu ni moja: uje na kitu ambacho hujakimaliza.

Kwa wasioijua kazi hii, ukindu ni majani ya mkindu. Yanavunwa yakiwa machanga, hayajachanua, na mvunaji anayejua huacha moyo wa mti ili uendelee kutoa mengine. Yanaanikwa juani mpaka yaive weupe, halafu yanachanwa kwa ukucha au ncha ya sindano kuwa chane. Za rangi zinachemshwa na rangi ya unga ya dukani. Wengi wetu tunatia na chumvi kidogo rangi ishike, na chumvi ya Uvinza hatuitafuti mbali. Kwa chane hizo unasuka ukili, yaani utepe mrefu, na ukili ndio unaoshonwa kwa shazia, ukingo kwa ukingo, mpaka upate mkeka.

Mkeka ukishashonwa, ukili uliokaza huku na kulegea kule umeshajificha. Unauona ukiwa bado pima moja mkononi. Kuna bibi mmoja kikundini kwetu anaupitisha ukili wa mtu katikati ya vidole viwili, taratibu, huku anaongea mambo mengine kabisa. Ghafla anasimama. "Hapa ulibadili mkao." Na kweli, hapo mwenye kazi alikuwa amehama kutoka chini kwenda kigodani. Mimi bibi huyu amenifundisha mambo mengi kuliko mtu mwingine yeyote, na hajawahi kunisukia hata ukili mmoja.

Karibuni. Unatengeneza nini, ulijifunza kwa nani, na nani anaiona kazi yako ikiwa nusu? Nawasilisha.

Mfumaji, Mwanga

Asante dada kwa uzi huu. Mimi nafuma vitambaa vya makochi, vya meza na kofia za watoto wachanga. Nilianza kwa kumtazama jirani akifuma kibarazani, nikaomba kulabu, akanipa na uzi wa mabaki.

Naunga mkono hoja, na naongeza moja: onyesheni upande wa nyuma. Kitambaa upande wa mbele kinapendeza kwa kila mtu. Ukikigeuza ndipo unaona uzi umeungwa wapi, ncha zimefichwaje, mshono gani umerukwa. Tuna kundi la WhatsApp la wafumaji, na mtu akituma picha ya mbele peke yake tunamwambia mama, geuza. Wageni huona kama tunawakagua. Wakishazoea wanatuma ya nyuma kwanza.

Batiki, Tabora mjini

Wakuu salaam kutoka Unyanyembe. Mimi ni kijana wa batiki, vile vitambaa vinavyochorwa kwa nta ili rangi isiingie palipo na nta, na ninachotaka kukisema hasa ni habari ya nta, maana Tabora ni nchi ya asali. Sikonge, Urambo, Kaliua, kote huko misitu ya miombo imejaa mizinga, ya magome na ya kisasa. Asali ina soko lake linalojulikana. Nta ndiyo inayodharauliwa. Nimekuta mtu ameshakamua, masega yamelundikwa nyuma ya nyumba, kuku wanayaparura.

Nikayaomba. Unayachemsha kwenye maji, unachuja kwa kitambaa yakiwa ya moto, unaacha yapoe. Nta inaganda juu, uchafu unabaki chini. Unarudia mpaka ipate rangi nzuri ya manjano. Nta hii peke yake ni laini, haipasuki kirahisi kitambaani. Ya mishumaa ya dukani inapasuka haraka, na kwenye ile mipasuko ndipo rangi inapoingia na kuchora mishipa. Kwa hiyo mtu anachanganya kulingana na anachotaka: ukitaka mishipa mingi zidisha ya mishumaa, ukitaka mstari safi zidisha ya nyuki. Na ukishaitoa nta kwa maji ya moto usimwage yale maji. Yakipoa unaiokota juu na kuitumia tena.

Tahadhari mbili, na nawaomba mzichukulie kwa uzito. Usiyeyushe nta moja kwa moja juu ya moto, weka chombo chake ndani ya sufuria yenye maji, maana ikipata moto kupita kiasi inawaka. Na kostiki, ile dawa kali tunayochanganya na rangi, ndiyo inayotiwa kwenye maji, siyo maji kumwagiwa kostiki. Vaa glavu, fanyia kazi nje, watoto wawe mbali.

Sasa kuhusu kuonyesha. Kitambaa kikiwa na nta tu, kabla ya rangi, hakieleweki kwa mtu wa kawaida, ni madoa. Lakini nilimpelekea mzee mmoja mwenye mizinga, yule yule aliyenipa masega, akakitazama akasema hii nta ina asali bado, inashika vumbi. Alijuaje? Aliinusa. Hajawahi kushika batiki maishani mwake. Tangu hapo naosha masega kwa maji baridi kabla ya kuchemsha, na nta inatoka safi.

Kasulu Mjini

Nafuatilia kwa karibu. Mimi ndiyo naanza, naomba msinichoke. Hiyo shazia inapatikana wapi?

Mwanzisha uzi, Ujiji

Karibu sana mdogo wangu. Shazia ni ile sindano kubwa ya kushonea magunia, uliza wanapouza magunia na kamba sokoni. Ila usiikimbilie sasa hivi. Suka ukili kwanza.

Shanga, Nzega

Nitakuwa tofauti na wenzangu kidogo, mnisamehe. Mimi natengeneza mikufu na bangili za shanga na mbegu. Nilikuwa naonyesha kila hatua: namna ninavyopanga rangi, namna ya kufunga mwisho. Kuna mfanyabiashara aliyekuwa ananunua kwangu, akachukua mpangilio wangu vile vile ulivyo, akawapa watu wengine wamtengenezee kwa bei ya chini, akaacha kununua kwangu. Mimi nina watoto wanakula kupitia mpangilio ule. Kwa hiyo mnaposema onyesha, mseme pia onyesha nani.

Mwanzisha uzi, Ujiji

Dada wa Nzega, pole, na hujakosea hata kidogo. Ninyi wengine msimjibu kwamba riziki hutoka kwa Mungu, hilo analijua. Alichofanyiwa ni dhuluma.

Naona kuna watu wa aina mbili hapa. Yupo fundi mwenzako, anayekuonyesha na yeye yake ikiwa nusu. Na yupo mnunuzi, ambaye hana cha kukuonyesha isipokuwa pesa. Barazani kwetu mnunuzi haingii. Akitaka kuona kazi anasubiri ikiisha. Na picha za kundi letu hazitoki nje ya kundi bila mwenye kazi kuridhia. Hiyo sheria ililetwa na akina mama wenyewe baada ya yaliyompata mwenzetu, yanafanana na yako.

Shanga, Nzega

Hapo nimekuelewa. Fundi kwa fundi sina tatizo.

Mfinyanzi, Buhigwe

Mimi nafinyanga vyungu na mitungi, kazi ya mama na ya bibi. Kwetu kuficha hakuwezekani hata ukitaka, kwa sababu chungu kinakaa nje kikikauka kivulini na kila anayepita anakiona. Anayejua anakigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kikavu kinalia, chenye unyevu kinaitika kwa uzito. Ukikichoma kikiwa na unyevu, maji yaliyomo ndani ya udongo yanageuka mvuke, na mvuke unatafuta njia. Kinapasuka, na vigae vyake vinaweza kupasua na cha jirani yake. Tunachoma pamoja, vyungu vya watu kadhaa kwenye rundo moja la nyasi na kuni, kwa hiyo chungu changu kikiwa kibichi hasara ni yetu sote. Ndiyo maana kila mtu anagonga cha mwenzake kabla hatujawasha.

Vigae havitupwi. Vinasagwa, vinachanganywa kwenye udongo mpya ili usipasuke ukikauka.

Vikapu, karibu na Makere

Nisimulie kidogo kuhusu majirani zetu. Huku tuko karibu na kambi ya Nyarugusu, na kuna akina mama wa Kirundi wanaosuka vikapu vile vya kuzungusha, vyenye kifuniko kilichochongoka kama paa la msonge. Ufundi wao ni mwingine kabisa na huo wa ukili. Unachukua fungu la nyasi, unalizungusha kuanzia kitovu, na kila mzunguko unaushona kwenye uliotangulia kwa chane nyembamba, ukitoboa njia kwa msharasi. Unakwenda polepole mno. Lakini kikapu chake kinakaza hivi kwamba ukikibonyeza hakibonyei.

Mimi ni Muha, na Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo darasa halikuhitaji mkalimani. Mama aliyenifundisha alikuwa anashona mizunguko yake mitatu minne, ananipa kikapu, nashona yangu, namrudishia. Kikapu kile kimoja kilikuwa na mikono miwili ndani yake na ukikitazama ulijua wapi ni yeye na wapi ni mimi. Kuelekea kwenye mdomo tofauti ilikuwa imepungua sana. Nimekiweka, sikiuzi.

Kuhusu bei, kwa kuwa najua swali litakuja: watu watakulinganisha na kapu la plastiki. Usibishane nao. Mwonyeshe kitovu cha kikapu, mweleze kinavyoanza, mpe akibonyeze. Asiponunua baada ya hapo hakuwa mnunuzi wako.

Mashua, Kibirizi

Mimi nachonga mashua ndogo za mapambo kwa mabaki ya mbao tunayopata kwa mafundi wanaounda mitumbwi hapa ufukweni. Inayoulizwa sana ni Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Wengi hapa wanajua historia yake: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na reli, ikaungwa tena hapa Kigoma na kushushwa ziwani 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini naiunda kwa vipande badala ya kuchonga gogo moja, namwambia ndivyo ilivyokuja.

Mimi natengeneza mbavu kwanza, halafu ndiyo navisha mbao. Zikiwa mbavu tupu naipeleka kwa fundi mmoja wa mitumbwi. Anaishika kwa juu, anafumba jicho moja, anaitazama kutokea puani mwa chombo mpaka tezini. Anaweza kusema ubavu wa tatu kushoto umesogea, na kweli ukipima umesogea. Ikishavishwa mbao hakuna anayeweza kuona hilo, lakini ukiiweka kwenye beseni la maji inalalia upande. Na watoto lazima waiweke majini, hata iwe ya mapambo.

Batiki, Tabora mjini

Mkuu wa Kibirizi, hiyo ya kutazama kwa jicho moja nitaijaribu kwenye mistari ya nta.

Kuna mtu aliniuliza pembeni kuhusu mtaji. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo Kigoma na Tabora, ukienda ofisini kwao ulizia mafunzo kabla ya kuulizia mkopo. Na mkiwa kikundi kilichosajiliwa ulizeni halmashauri kuhusu mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato yao kwa akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, hauna riba. Nanenane ya kanda inapofanyika hapa Ipuli huwa natandaza kitambaa kilichokwisha na pembeni yake kimoja chenye nta tu. Kile cha nta ndicho watu wanachosimama kukiuliza.

Kasulu Mjini

Jamani nimejaribu. Nimeweka picha ya ukili wangu wa kwanza, urefu wa kama mkono mmoja. Tatizo unajipinda kwenda kulia, haunyooki hata niukanyage. Na umeanza kuacha vitundu ambavyo jana havikuwepo.

Mwanzisha uzi, Ujiji

Hongera, tena umeanza vizuri, mistari yako inafuatana. Tuanze na kupinda. Upande unaokaza zaidi ndio unaovuta, na kwako ni kulia. Tazama kidole gumba chako cha kulia unapokunja chane kurudi ndani, unakivuta mpaka mwisho, cha kushoto hukivuti hivyo. Pia kwenye picha naona chane za kushoto ni pana kidogo. Zipange upya kabla hujaendelea, zenye upana mmoja ziwe pamoja.

Mfumaji, Mwanga

Na vitundu je? Kwenye uzi sisi hatuna hilo.

Mwanzisha uzi, Ujiji

Hivyo ni maji. Alisuka chane zikiwa zimelowa sana, zilipokauka zikasinyaa. Mdogo wangu, usizitumbukize. Zinyunyizie, zifunge kwenye kanga yenye unyevunyevu, ziache kidogo zilainike, halafu utoe chache chache kadiri unavyosuka. Huo uliousuka usiufumue, endelea kutoka hapo ulipoishia ili uone tofauti. Ukiongeza shubiri mbili, weka picha nyingine.