Mjadala: "Mimba si ugonjwa." Je, ndiyo kusema ni salama kwa asili yake?

Ndugu wachangiaji,

Hoja iliyoko mezani ni ya mwenzetu aliyeandika kwamba mimba ni jambo la asili, kwamba wanyama wote huzaa bila kliniki, na kwamba kumpima mjamzito presha kila anapohudhuria ni kumtia hofu bure, kwa kuwa mwili wa mwanamke umeumbwa kwa kazi hiyo. Wengi wamemuunga mkono, na baadhi wametaja bibi zao waliojifungulia nyumbani salama. Mimi ni mkunga, tena niliyekulia kwa wafugaji. Napinga hoja hii, na nitaipinga kwa kuwatumia wanyama haohao waliotajwa.

Nianze na ng'ombe. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikimshikia baba taa usiku ng'ombe anapozaa, na kilichonikaa akilini kuliko ndama ni kondo la nyuma: lilining'inia kwa saa kadhaa, kisha likadondoka lenyewe majanini, na damu iliyotoka nalo isingejaza kikombe. Miaka mingi baadaye, katika wodi ya wazazi, nilipokea kwa mikono miwili kondo la binadamu kwa mara ya kwanza. Lilikuwa na uzito wa karibu nusu kilo, upande wa mtoto ukiwa laini, unang'aa na kutandazwa mishipa, na upande wa mama ukiwa mwekundu wa kuiva, umegawanyika mafungu mafungu kama ini bichi. Liliacha ndani ya mji wa mimba jeraha la ukubwa wa sahani, na damu ikafuata papo hapo. Mkunga aliyenifundisha alikuwa ameshaweka kiganja juu ya tumbo la yule mama, akisikiliza kwa vidole kama mji wa mimba unakaza, kwa sababu kukaza huko ndiko hasa kunakoibana mishipa iliyoachwa wazi.

Tofauti hiyo ina historia ndefu. Kwa ng'ombe, farasi na nguruwe, kondo hushikana na ukuta wa mji wa mimba bila kuifikia damu ya mama. Kwa binadamu, seli za kondo huuchimba ukuta huo, huingia katika mishipa ya mama, huiondolea misuli yake na kuipanua, kiasi kwamba mama hawezi tena kuibana apendavyo mwili wake, na damu yake humiminika moja kwa moja kulizunguka kondo. Wala hili si sharti la kuwa karibu nasi kwa ukoo: komba, tunayemsikia akilia usiku mashambani, yumo katika kundi moja nasi na nyani, lakini kondo lake halichimbi.

Mamalia wa mwanzo walitaga mayai, kama afanyavyo hadi leo yule mnyama wa Australia mwenye mdomo wa bata. Hatua iliyofuata tunaweza kuikisia tukimtazama oposamu mdogo wa Amerika Kusini, ambaye mimba yake huchukua takriban siku 14. Kwa sehemu kubwa ya siku hizo kiinitete hukaa ndani ya ganda jembamba. Ganda likipasuka na kiinitete kikaugusa ukuta, mwili wa mama hupandisha uvimbe kana kwamba umepata jeraha, na baada ya siku chache tu huzaa. Watafiti wa kundi la Günter Wagner wa Chuo Kikuu cha Yale wameeleza kwamba mimba ndefu za mamalia wengine ziliwezekana pale uvimbe huo wa zamani ulipodhibitiwa badala ya kumtoa mtoto. Na hata ngozi ya kondo letu ina asili ya kushangaza. Protini inayoziunganisha seli zake kuwa tabaka moja, iliyoelezwa mwaka 2000 na kuitwa sinsitini, hutokana na jeni ya kirusi kilichowaambukiza wahenga wetu mamilioni ya miaka iliyopita. Panya wanayo ya kwao, iliyotoka kwa kirusi kingine kabisa.

Mwaka 1993 mwanabiolojia wa Australia, David Haig, alilisema waziwazi jambo linalotugawa hapa. Mtoto ana nusu ya jeni za mama, na nusu nyingine ni za baba. Kwa hiyo kiasi cha chakula kinachomfaa mtoto hakilingani sawasawa na kile kinachomfaa mama, ambaye ana watoto wengine wa kulea au wa kuzaa. Kondo huvuta, mama huzuia, na mimba huenda vizuri pande hizo mbili zikilingana.

Waliompinga Haig wana hoja nzito, nami sitaipita kimyakimya. Ndama na mtoto wa farasi hukua wakubwa na wenye nguvu kwa kondo lisilochimba, kwa hiyo kuchimba peke yake hakuthibitishi unyang'anyi. Tena mama akifa, mtoto hupotea naye. Nakubali yote mawili. Vilevile sijawahi kumwambia mjamzito kwamba mwanawe anapigana naye, wala sitamwambia.

Hata hivyo, kukubali huko hakuniondoi katika msimamo wangu, kwa sababu ya ugonjwa wa presha unaotangulia kifafa cha mimba, yaani degedege la mjamzito. Ugonjwa huu unajulikana hasa kwa binadamu, na mara nyingi huanza pale kondo liliposhindwa kuipanua vizuri mishipa ya mama katika miezi ya mwanzo. Kondo lenye njaa humwaga katika damu ya mama vitu vinavyodhuru mishipa yake yote. Presha hufika 140 kwa 90 au zaidi, mara nyingi protini huonekana kwenye mkojo, naye mama anaweza kujisikia mzima kabisa. Mashine ya presha huliona hilo kabla yake. Ndipo tunapopata muda wa kumpa magnesiamu salfeti, dawa ambayo utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu, na wa kupanga kuzalisha, kwa kuwa ugonjwa hauishi mpaka kondo litoke.

Ndugu aliyeanzisha hoja, naomba unijibu jambo moja. Katika mimba zabibu iliyo kamili hakuna mtoto ndani, kuna kondo tu lililofura kama kichala, na jeni zote za kiini cha seli zake zimetoka kwa baba. Mimba hiyo inaweza kumpandisha mama presha hata kabla ya wiki ya 20. Kama mwili wa mwanamke na kondo vimepatana tangu asili, presha hiyo inatoka wapi?