Naomba ushauri: "turn it off" ni sawa, "look it after" si sawa. Niwaelezeje wanafunzi?

Wakuu, habari za jioni. Walimu wa Kiingereza na wajuzi wengine, naombeni msaada.

Nafundisha tuisheni kidato cha pili. Tumekwama kwenye vitenzi vinavyoandamana na vijineno kama "off", "up" na "after". Kwa nomino hakuna shida: "turn off the radio" na "turn the radio off" zote zinakubalika. Ikija "it", lazima ikae katikati: "turn it off". Wameishika vizuri hiyo, tena vizuri mno, maana sasa mmoja kaniandikia "My grandmother is sick, I look her after" badala ya "I look after her" (namtunza).

Orodha ya kukariri nimewapa, wanaichanganya. Nikajaribu mkazo wa sauti: kwenye "turn it off" unasikika kwenye "off", kwenye "look at it" unabaki kwenye "look". Imesaidia kidogo tu. Kiingereza chenyewe wanakisoma zaidi kuliko kukisikia, na "after" ina mkazo wake, inaharibu somo lote.

Kwa hiyo nauliza: kuna jaribio jepesi ambalo mwanafunzi anaweza kulitumia kwenye karatasi kujua kitenzi kipi kinakatika na kipi hakikatiki?

Halafu "run over", gari linapomgonga mtu. Nakutana na "ran him over" na "ran over him", zote kutoka kwa wenye lugha yao. Mngekuwa nyie, mngefundisha zote mbili au moja kwanza?

Natanguliza shukrani.