Mwanza–Dubai "masaa matano": wakala wa tiketi kaniingiza mjini

Wakuu, nina hasira hapa nilipo, mnisamehe lugha.

Kuna wakala wa tiketi hapa mjini. Kanionyesha kwenye simu yake: Mwanza–Dubai, kilomita 3,900 na ushee, masaa matano. "Kaka, chai Kirumba, chakula cha usiku Dubai." Nikalipa. Mimi ni mtu wa spea, nilitaka kuwahi mzigo.

Mjinga ni mimi, najua. Ile programu inapima mstari mnyoofu angani, inagawa kwa mwendo wa ndege, inaongeza nusu saa ya kuruka na kutua, basi. Haiulizi kama kuna ndege inayopita njia hiyo. Ukweli ni kwamba unapelekwa kwanza Dar, kilomita 850 kusini mashariki, wakati Dubai iko kaskazini! Na kutoka Dar hadi Dubai nako ni kilomita 3,900 na kitu, sawasawa na kutoka kwetu. Maana yake zile 850 zote ni hasara tupu, hujasogea hata hatua.

Hilo ningemeza. Kinachoniuma ni tiketi. Kumbe kanikatia mbili tofauti, kila moja na shirika lake, na hakunitamkia neno. Jumanne nimetoka nyumbani saa 1 asubuhi. Ndege ya saa 4 ikasogezwa, ikasogezwa tena, tumeruka saa 8 na dakika 40 mchana. Tumetua Dar saa 10 na dakika 10, ya Dubai inaondoka saa 10 na nusu. Nimesubiri begi, nimetoka Terminal 2 mbio kwenda Terminal 3, jasho mpaka kwenye soksi. Dada wa kaunta hata hakunyanyua macho: "Tumeshafunga, baba."

Shirika la kwanza linasema limenifikisha Dar, kazi yake imeisha. La pili linasema abiria hakutokea. Wakala hapokei simu. Faini nimelipa mimi, gesti nimelipa mimi. Nimefika Dubai Jumatano saa 5 usiku, saa za kule, ambazo zinatutangulia kwa saa moja. Piga hesabu mwenyewe: masaa 39. Masaa matano yake yale!

Na Entebbe iko hapo ng'ambo ya ziwa, kilomita kama 280. Sangara wanakwenda na kurudi bila pasipoti, sisi tunazungushwa Pwani.

Nimerudi juzi, nimemfuata ofisini. Ananiambia eti "umbali ni uleule, kaka, sijakudanganya." Nilitoka kabla sijafanya jambo la kunipeleka polisi.

Ninachotaka ni pesa ya faini na gesti. Risiti zote ninazo, na meseji yake ya "masaa matano" ninayo. Kuna mtu hapa ameshawahi kumbana wakala akalipa? Alianzia wapi? Na wale mnaopitia Mutukula kwenda kupandia Entebbe, au Sirari kwenda Nairobi, tupeni nauli na muda halisi, kuanzia mlangoni kwako.