Gumzo la ukoo: Jumamosi ya watoto

ALHAMISI

Shangazi Salma: Habari za jioni wote. Jambo la Jumamosi tulimalize leo. Watoto wote saba watakuwa kwangu. Nataka wakubwa watatu, kila mmoja awaeleze kitu kimoja kuhusu hizi posti wanazoziona kwenye simu zetu. Nani anachukua nini?

Shangazi Salma: Naona mmesoma.

Shangazi Salma: Neema juzi hakulala. Aliiona ile posti inayosema dunia itakuwa gizani siku 6.

Mama Neema: Kweli wifi. Nilimkuta saa saba usiku, tochi mbili chini ya mto. Ananiuliza betri zitafika siku ya sita?

Juma: Aniazime moja, taa ya chumbani kwangu imeungua 😂

Shangazi Salma: Juma.

Juma: Shikamoo shangazi.

Shangazi Salma: Marahaba. Hiyo ya giza ni kongwe. Mwaka 2014 ilizunguka hivyohivyo, eti NASA imethibitisha. NASA haikuthibitisha chochote. Inavalishwa tarehe mpya, inarudi. Na kwa Neema ilifikia kwenye kikundi hiki.

Baba Mkubwa: Salma unanisema mimi.

Shangazi Salma: Kaka, sijataja mtu.

Baba Mkubwa: Niliandika juu yake "nimeletewa kama ilivyo".

Asha: Shikamoo Baba Mkubwa. Mtoto wa darasa la tatu hajui "kama ilivyo" maana yake nini. Anaona jina lako na picha yako, kwake basi Baba Mkubwa amesema jua litazimika.

Baba Mkubwa: Marahaba. Hilo sikulifikiria.

Asha: Ilikuwa na mishale miwili juu. WhatsApp wakiiweka hiyo, ujue ujumbe umeshapita vikundi au watu watano au zaidi tangu kwa aliyeuanzisha. Watoto waonyeshwe ile mishale. Wanapenda vitu vya kutafuta, wataisaka simu nzima.

Juma: Wakisaka simu ya Baba Mkubwa watakesha 😂😂

Mama Neema: 😂😂

Shangazi Salma: Turudi kwenye mambo. Asha, wewe unachukua nini?

Asha: Picha. Nitakuja mapema nivuruge chumba kimoja, nguo chini, vitabu chini, ila kona moja niipange vizuri. Nawaonyesha picha ya hiyo kona tu, nawauliza: chumba hiki ni kisafi? Watasema ndiyo. Halafu nafungua mlango. Hapo sina haja ya kuhubiri. Baadaye kila mmoja apige picha yake akijua anaacha nini nje.

Shangazi Salma: Hiyo nzuri sana. Ongeza na ile ya Papa Francis mwenye koti jeupe la kuvimba, Machi 2023. Ilitengenezwa kwa programu na watu wazima waliiamini. Wasije wakadhani ni wao tu wanaodanganyika.

Mama Neema: Mimi nina swali. Neema anauliza kwa nini simu yangu inamletea katuni na ya baba yake inaleta mpira. Nimjibu vipi? Nimesema "simu inajua", akaogopa zaidi.

Juma: Mama Mdogo, hiyo nipeni mimi, kweli sasa. Nitakaa nao na simu isiyo na historia yoyote. Tunatazama video ya paka hadi mwisho, nyingine za paka pia hadi mwisho, za magari tunazipita haraka. Baada ya muda watahesabu wenyewe paka wamekuwa wangapi. Simu haimjui Neema. Inahesabu alipokaa na alipopita.

Mama Neema: Hapo nimeelewa hata mimi.

Shangazi Salma: Asante Juma. Bado matangazo: yule dada anayesifia viatu, amelipwa au hakulipwa? Watoto hawaoni lile neno dogo linalosema ni tangazo. Na bado umri. Kuna mtoto humu ana miaka 10 na ana akaunti, mwaka wa kuzaliwa kaandika 2001. TikTok na Instagram wanataka 13. Mzazi anajijua.

Shangazi Salma: Nani anachukua matangazo?

Shangazi Salma: Na kuna la ruhusa. Kumposti mtu bila kumwuliza. Hilo nalisimamia mwenyewe.

Baba Mkubwa: Yaani tumerudi kwenye ile picha ya wodini.

Shangazi Salma: Umeitaja wewe.

Baba Mkubwa: Niliposti ili watu wamwombee. Mwaka mzima mnanibeba nayo.

Shangazi Salma: Kaka, mimi nilijua Mama kalazwa kwa kuiona hiyo picha. Nikiwa ndani ya basi.

Bibi: 🎤 1:12

Asha: Kwa walio kazini naandika. Bibi anasema: "Nimesomewa yote. Mimi nilipigwa picha nimelala, mdomo wazi, kilemba kimenitoka. Nilipoamka watu nisiowajua walikuwa wameshanipa pole. Hakuna aliyeniuliza. Jumamosi mkikaa na watoto nami nitakaa hapo. Anayetaka kuwafundisha kuomba ruhusa aanze kwangu."

IJUMAA

Baba Mkubwa: Ujumbe huu ulifutwa

Baba Mkubwa: Mama, shikamoo. Nimesikia.

Bibi: 🎤 0:03

Shangazi Salma: Kaka, kwenye ukurasa wako bado ipo.

Baba Mkubwa: Nywila niliisahau nilipobadilisha simu. Ningekuwa naweza ningeitoa usiku uleule.

Juma: Baba Mkubwa nakuja leo jioni tuirudishe hiyo akaunti. Nisubiri.

Mama Neema: Waliokwisha kuihifadhi je?

Asha: Hao hatuwafikii.

Shangazi Salma: Sawa. Asha picha, Juma paka. Saa kumi kamili kwangu. Matangazo bado hayana mtu. Tafadhali.

Shangazi Salma: Jamani.

Baba Neema: Ndiyo natoka kazini nakuta jumbe chungu nzima. Jumamosi niko zamu. Haiwezi kuwa Jumapili?

Shangazi Salma: Jumapili Asha hayupo.

Baba Neema: Basi matangazo nitayachukua mimi, lakini iwe Jumapili.

Asha: Nami chumba changu?

Mama Neema: Wifi, Neema kairudisha tochi moja leo. Nyingine kasema anamsubiri Bibi kwanza.

Shangazi Salma: Mwache nayo. Baba Neema, zamu haibadilishiki?